Ala ya Bastola Kiunoni

Msikilizaji mwenye kibali cha bastola hapa Kenya, leo tuzungumzie ala. Ile ya kitambaa laini hupendeza dukani, lakini mdomo wake hulegea na kujikunja. Ukirudisha bastola, pindo likaingia penye kifyatulio, yaweza kulia na kukupasua paja. Chagua ngumu, iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote.

Ukiona inakuumiza, mara nyingi kosa ni la mshipi. Mwembamba hulemewa, silaha ikainama, na kitako kikakuchoma mbavu kila ukiketi garini. Vaa mpana, mgumu, na fulana ndani.

Ukijaribu ala nyumbani, toa risasi zote kwenye bastola, hakikisha chemba ni tupu, kisha keti, inama, panda ngazi. Ikikubana sasa, jioni utakuwa ukiishikashika mbele za watu.