Kalori Ndani ya Bakuli: Hesabu ya Lishe Ianze na Uji wa Mtoto

Tukitaja mahitaji ya kalori, fikra hukimbilia jumla ya siku. Kwa miaka mingi mstari wa umaskini nchini Rwanda ulipimwa kwa kapu la chakula lenye kilokalori 2,500 kwa mtu mzima kwa siku. Sina ugomvi na kipimo hicho. Mkulima wa mpunga anayeshinda kwenye tope la bonde la Bugarama, au mama anayevusha mzigo mpakani kwenda Bukavu, Kongo, akikipata chakula hicho ana tumbo la kukibeba. Mtoto wa mwaka mmoja hana tumbo hilo. Kwake yeye jumla ya siku haitufai kitu mpaka tujue kila gramu ya chakula imebeba nishati kiasi gani.

Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa wastani anahitaji takriban kilokalori 550 kwa siku kutoka vyakula vya nyongeza. Unga mkavu wa mahindi, mtama au muhogo una takriban 350 katika gramu 100. Sehemu moja ya unga ikipikwa kwa sehemu tisa za maji, gramu 100 za uji zinabaki na kilokalori 35 tu, maana maji hayana nishati. Kufikia 550, mtoto anywe zaidi ya kilo moja na nusu. Tumbo la mtoto huchukua takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tisa hujaa kwa gramu 270. Itabidi ajazwe karibu mara sita kwa siku, na bado anyonye. Ni mama gani, msimu wa kupalilia, atapata nafasi hiyo? Mtoto atalisukuma bakuli kwa kuwa ameshiba kweli, na mama ataamini, tena kwa haki kabisa, kwamba amemlisha.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba kudumaa hakuletwi na upungufu wa nishati peke yake. Nakubali. Utafiti wa kitaifa wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 38 mwaka 2014–2015, na nyuma ya takwimu hizo kuna kuhara, minyoo, uhaba wa protini na wa madini. Ila mwili uliopungukiwa nishati huichoma protini kama kuni. Unga wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ni chakula bora cha kujenga mwili; ukitiwa katika uji mwepesi, sehemu yake itaishia motoni.

Pingamizi zito zaidi ni la jikoni: uji ukiongezwa unga huganda, na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Hapo kimea kinasaidia. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilichunguza na kuhimiza matumizi yake: kijiko cha unga wa mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kuondolewa machipukizi, hulainisha uji mzito, kwa sababu vimeng'enya vyake hukatakata wanga. Unga unaongezeka bakulini, uji unabaki wa kunyweka. Mafuta nayo yana kilokalori 9 kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya wanga. Kijiko kimoja cha chai cha mawese, gramu 5, huongeza kilokalori 45 katika mlo wa gramu 270 za uji ule mwepesi, uliokuwa na takriban 95. Mafuta yana bei, najua, na kaya nyingi hupima kila senti. Lakini kijiko kimoja kinazidi nishati ya gramu 100 za uji ule ambao tumbo halina tena pa kuuweka.

Kwa hiyo naomba washauri wa afya vijijini, kuanzia kisiwani Nkombo hadi Bugarama, wanapompima mtoto uzito wamuulize mama swali moja zaidi: kikombe kimoja cha unga unakipikia vikombe vingapi vya maji?