Mtoto Amwone Mtu Kwanza, Ndipo Amwandike



Leo tuzungumze juu ya insha za watoto wetu. Tangu enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wamekariri misemo ya kupamba: kila msichana ni mrembo kama hurulaini, kila mzee ana mvi kama pamba. Ukisahihisha insha arobaini, unakutana na watu wawili tu! KCPE imekwisha, lakini mazoea hayo bado tunayo.

Fungueni Luka sura ya 19. Zakayo anaelezwa kwa maneno machache: mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, mfupi. Kisha anakimbia mbele ya umati na kupanda mkuyu. Tajiri juu ya mti! Si hata mtoto mdogo anamwona hapo, na kujua alivyotamani kumwona Yesu?

Basi tufanye hivi. Mwambie mtoto amtazame mama mboga. Mikono yake ikoje? Akikosa chenji husema nini? Mteja akiomba kuongezewa sukuma, yeye hufanyaje? Aandike mambo matatu tu, bila neno "mzuri" wala "mbaya".

Hii si kazi ya alama peke yake. Umati ulimwona Zakayo mwenye dhambi, basi. Yesu alimwita kwa jina. Mtoto aliyezoea kumtazama jirani vizuri hatamdharau upesi.

Jaribuni nyumbani jioni hii.