Muhogo Nao Wapumua

Leo twataka kunena habari ya muhogo mchungu, si kwa jinsi ya kuulima, bali kwa jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri: kwamba muhogo hupumua kama tupumuavyo sisi, na kwa chombo kile kile.

Mmea hauna pua wala mapafu, na mchana majani yake yana kazi nyingine ya kutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Hata hivyo, usiku na mchana, mizizi na shina na majani huvuta oksijeni na kuunguza sukari kidogo kidogo ili kupata nguvu. Kazi hiyo hufanyika ndani ya chembe, yaani vile vijumba vidogo mno ambavyo mwili wa kila kiumbe umejengwa kwavyo.

Mwaka 1925, David Keilin, mtaalamu wa Cambridge huko Uingereza, alieleza kitu alichokiita saitokromu. Alikuwa akichunguza nzi ambaye mabuu yake hukaa tumboni mwa farasi. Alipoitazama misuli ya nzi huyo kwa darubini yenye kutenga rangi za mwanga, aliona mistari minne myeusi. Akaiona pia katika hamira, na katika mimea. Alipoitikisa hamira katika hewa, mistari ilitoweka. Alipoiacha itulie, ikarudi. Kisha akaitia sianidi, na mistari ikabaki pale pale hata hewa ilipokuwa tele. Pumzi ya chembe ilikuwa imezibwa! Leo twajua kwamba sianidi hushika chuma kilichomo katika chombo cha mwisho cha kazi hiyo, mahali ambapo oksijeni ingepokewa.

Basi sianidi hiyo ndiyo sumu ya muhogo. Mbona muhogo haujiui? Kwa sababu hauiweki tayari. Huiweka imefungamana na sukari ndani ya kifuko cha chembe, na kile kitu cha kuifungua hukaa mbali kidogo, katika ukuta wa chembe. Panya akitafuna, kuta huvunjika, viwili hukutana, na sumu hutoka. Tena mimea ina njia ya pili ya kupumua isiyozibwa na sianidi, ijapokuwa nguvu zake ni haba. Sisi wanadamu hatuna njia hiyo.

Bibi zetu hawakujua habari za chembe, lakini kazi yao ilikuwa sahihi kabisa. Muhogo uliomenywa na kulowekwa siku 3 hulainika, kuta zake huvunjika, na sumu hufunguka ikaenda zake katika maji na hewa. Kuuchemsha tu hakutoshi, kwa maana moto hukiharibu kile kifunguzi kabla hakijafanya kazi yake. Sumu hubaki imefungwa, ikaja kufunguliwa tumboni.

Mwaka wa ukame sumu huzidi katika mizizi, na watu wenye njaa hupunguza siku za kuitengeneza. Ndivyo ilivyokuwa Nampula, kaskazini ya Msumbiji, mwaka 1981, ambako watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula. Na maradhi hayo yalionekana wilayani Tarime mwaka 1985. Huitwa konzo, na miguu iliyopooza hairudii hali yake. Ini letu laweza kuivunja nguvu sianidi kidogo kwa salfa itokayo katika samaki, mayai na kunde. Ndiyo maana nyumba isiyo na kitoweo ndiyo hupatikana kwanza.

Unga ulioharakishwa wafaa kutengenezwa tena. Hutiwa maji, ukatandazwa uwe mwembamba kivulini kwa muda wa saa 5, ili sumu iliyobaki ipae, kisha ukasongwa ugali siku hiyo hiyo.