Masomo ya Usimamizi wa Maliasili na Niliyoyaona Ufipa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Misitu mbele ya wanafunzi waliomaliza Kidato cha Sita pamoja na wazee wao. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.




Nimeombwa nizungumzie masomo ya usimamizi wa maliasili katika vyuo vikuu. Suala ninaloulizwa zaidi na wazee ni hili: mtoto wa kisiwani, aliyelelewa baina ya minazi na bahari, anafuata nini katika misitu ya bara, na akirudi atafanya kazi gani? Suala hilo ni la haki, kwani ada hutoka katika karafuu na mwani. Sitalijibu kwa kuwasomea kitabu cha chuo. Nitawaeleza mafunzo yangu ya vitendo katika Mkoa wa Rukwa, nilipokuwa mwaka wa pili.

Sumbawanga, makao makuu ya mkoa huo, imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai huko zina baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui. Magharibi uwanda unateremka hadi Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470. Mashariki unakatika ghafla kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Kwa hivyo udongo wowote unaomomonyoka mlimani na kufika ziwani hubakia humo humo. Mwanafunzi anaweza kuyaandika hayo katika mtihani akapata alama zote. Mimi niliyaelewa siku niliposimama ukingoni mwa Milima ya Mbizi baada ya mvua, nikaiona mito ikiteremka na rangi ya matofali.

Milima ya Mbizi inapindukia meta 2,400, na juu yake umesalia msitu wa asili. Humo ndimo zinamoanzia chemchemi zinazoupa mji wa Sumbawanga maji. Humo pia wanaishi mbega wekundu, ndugu wa kima punju wetu wa Jozani. Wale wa Mbizi ni wa jamii inayopatikana pia Gombe, Mahale na Uganda. Wetu asili yao ni Zanzibar pekee. Wote wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hapa kwetu, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, mgeni hulipa kiingilio na sehemu ya mapato huvifikia vijiji jirani. Mbizi wageni ni wachache. Ukimwambia mtu wa huko auache msitu kwa ajili ya mbega, atakusikiliza kwa adabu tu. Ukimwambia habari ya maji ya bomba, mtazungumza hadi magharibi.

Sasa nieleze kosa langu. Tulitakiwa kuandika ripoti juu ya hifadhi ya udongo. Mwezi wa Februari nilimkuta mama mmoja akifukia nyasi kwa jembe la mkono, akijenga vilima vidogo vya mviringo shamba zima. Baada ya kumwamkia nilimweleza, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma mihula mitatu, kwamba anapoteza nguvu zake, na kwamba ingefaa alime matuta marefu ya kukinga maji. Hakubishana nami. Alinichukua hadi upande wa pili wa shamba, akakifumua kilima alichokijenga wiki kadhaa nyuma. Ndani nyasi zilikuwa zimeanza kuoza na udongo ulikuwa mweusi. Akasema, "Mwanangu, hii ndiyo mbolea yetu. Hiyo ya dukani wewe utaninunulia?"

Wenyewe wanauita mtindo huo ntumba. Juu ya vilima hupandwa maharage. Msimu ufuatao hufumuliwa na kutandazwa, ukapandwa ulezi. Ndivyo Wafipa walivyopata chakula katika uwanda wenye miti michache bila ya kuhama ovyo. Kazi yake ni nzito, na jembe la ng'ombe pamoja na kilimo cha mahindi vimeipunguzia nafasi. Ilinibidi niichane ripoti yangu na kuianza upya, na nilikaribia kuchelewa kuiwasilisha.

Wafipa walikuwa pia wahunzi mashuhuri, wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo zilikula makaa mengi. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu uwanda umebaki nyasi. Wengine hulaumu moto na kilimo, wengine hutaja udongo na hali ya hewa. Mwalimu wetu alikataa kutupa jibu, akatutuma kwanza tukapime. Kwa maoni yangu, alitufunza zaidi kwa kukataa kule.

Bondeni mambo ni magumu zaidi. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji, wengi wao Wasukuma, wameingia huko na ng'ombe wakitafuta malisho. Wamewakuta wakulima na wavuvi, na limo Pori la Akiba la Uwanda. Kila mmoja ana haja ya kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimevipa vijiji njia ya kupanga na kutenga maeneo, lakini sheria haikai mkutanoni kuanzia asubuhi hadi alasiri; mtaalamu ndiye anayekaa. Nilipoanza kazi Unguja, katika makubaliano ya vijiji ya kusimamia misitu chini ya sheria yetu ya mwaka 1996, niliikuta mikutano ile ile, ila ng'ombe walikuwa wamegeuka kuwa kuni na makaa. Wazee wangu, hilo ndilo jibu la suala lenu.

Kuhusu kujiunga, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha misitu na wanyamapori, na kina kampasi katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mweka, chini ya Kilimanjaro, hufundisha wanyamapori tangu mwaka 1963. Asiyeweza kusafiri aulizie Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Baiolojia, Kemia na Jiografia msizichezee. Kuhusu fedha, iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Someni masharti kabla ya kutia saini, maana mkopo hulipwa. Wala sitawaficha kwamba nafasi za Serikali ni chache kuliko wahitimu. Katika darasa letu wapo wanaofuga nyuki, na hawatuonei wivu.

Watakaopangiwa mafunzo Sumbawanga wachukue blanketi. Mimi nilikwenda na shuka moja.