Mgonjwa wa Korona Akilazwa Hospitali

Leo tuzungumze juu ya mgonjwa wa korona aliyelazwa hospitali. Maradhi haya yalianza mwisho wa mwaka 2019. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, lakini virusi vyenyewe vingali vinaambukiza watu.

Wengi hupona nyumbani: homa, kikohozi, uchovu, basi. Anayelazwa ni yule ambaye virusi vimeshuka mapafuni mwake. Mara nyingi hali hubadilika baada ya juma moja hivi. Mgonjwa huhema haraka, hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Wazee na wenye kisukari ndio walio hatarini zaidi. Wako pia wanaozungumza vizuri, kumbe damu yao imepungukiwa na oksijeni. Kwa hiyo muuguzi humbana mgonjwa kidole kwa kipimo kidogo, mfano wa kibanio cha nguo. Kwa kawaida mwenye afya huonyesha 95 au zaidi katika 100. Chini ya 90 ni hatari kubwa.

Sasa nafika kwenye jambo linalonisumbua. Watu husema, "Ukiwekewa oksijeni, umekwisha." Basi humficha mgonjwa ndani mpaka yu taabani, ndipo humkimbiza hospitali. Akifa, mtungi ndio hulaumiwa! Oksijeni si sumu, ndugu zangu. Imo katika hewa hii tunayovuta, sehemu 21 hivi katika 100. Mtungi humpa mgonjwa kwa wingi zaidi, kwa sababu mapafu yake yameshindwa kuivuta ya kutosha. Pengine hulazwa kifudifudi, apumue vizuri zaidi, na hupigwa sindano ili damu isigande.

Je, dawa? Mwaka 2020, huko Uingereza, madaktari walijaribu deksamethasoni, dawa ya bei rahisi iliyokuwako tangu miaka ya 1950. Walitoa miligramu 6 kwa siku, siku zisizozidi 10. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu, vilipungua kwa moja ya tano. Dawa hii haiui virusi. Hutuliza mwili, ambao kwa kupigana kwa ukali mno huumiza mapafu yake wenyewe. Lakini asiyehitaji oksijeni haikumsaidia, kwa hiyo msiinunue dukani mkainywa kwa kila kikohozi. Penisilini nayo haiui virusi. Daktari huitoa akiona bakteria wameingia pia.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: pumzi, pafu, mapafu, mtungi. Kisha kila mmoja ahesabu pumzi za jirani yake kwa dakika moja, aandike tarakimu. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Mgonjwa anayepita 30 apelekwe hospitali upesi.