Klabu ni ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu katika chakula cha jioni cha mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo, nadhani kwa sababu wengi wenu mnakumbuka kwamba nilikuwa golikipa wa bweni letu. Bila shaka mnakumbuka pia idadi ya magoli niliyofungwa. Hayo tuyaache. Leo nataka kusema juu ya jambo lililo mlangoni petu. Klabu ya mji huu, ambayo wengi wetu humu ni wanachama wake, imeposwa na tajiri. Mwezi ujao tutapiga kura kama tumwoze au tusimwoze.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa Uingereza nikisomea uhasibu, nilipanga chumba katika mji wa Bury, kaskazini ya Manchester. Mzee mwenye nyumba alikuwa akinichukua siku za Jumamosi kwenda uwanja wa Gigg Lane kuitazama timu yao. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1885. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili, mwaka 1900 na 1903, na fainali ile ya 1903 iliifunga Derby County mabao 6-0. Mzee yule hakuwa na hisa hata moja, lakini kila aliposema "sisi", alikuwa na maana ya klabu.

Desemba 2018 klabu hiyo iliuzwa kwa mfanyabiashara kwa pauni 1. Ndiyo, pauni moja! Ndugu zangu, mhasibu akisikia kwamba mali ya miaka 133 inauzwa kwa bei ya kikombe cha chai, hashangilii, huuliza madeni. Na madeni yalikuwapo. Uwanja wenyewe ulikuwa umewekwa rehani. Mnunuzi alikuja kukiri redioni kwamba hapo awali hakujua hata kama Bury ina timu ya kandanda.

Vijana walicheza huku mishahara ikikosekana, na bado mwisho wa msimu wakapanda kutoka daraja la nne kwenda la tatu. Hawakupata nafasi ya kulicheza. Viongozi wa ligi walidai uthibitisho kwamba fedha za kuendesha timu zipo, nao haukupatikana. Tarehe 27 Agosti 2019 mashabiki walifika uwanjani na mafagio, wakasafisha viti, wakitumaini kwamba mnunuzi mpya angeiokoa timu. Usiku ule klabu ilifukuzwa katika ligi iliyokuwamo tangu 1894. Mzee wangu aliniandikia kwamba alifagia akidhani ni harusi, kumbe ni msiba.

Simaanishi kwamba fedha ni adui. Bila fedha hakuna viatu, hakuna basi, wala hakuna mshahara wa mchezaji. Lakini klabu si duka. Duka likifungwa, mteja huvuka barabara akanunua sukari kwingine. Shabiki havuki. Timu ikiuzwa, ikikopewa, ikiharibiwa, yeye yupo tu, na kiingilio analipa. Mwenye nia mbaya anaijua subira hiyo, naye huifanyia biashara.

Kwa hiyo ulinzi huwekwa kabla ya ndoa. Ujerumani, tangu 1998, kanuni ni kwamba wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura za klabu, isipokuwa klabu chache. Hapa kwetu, mfumo walioukubali wanachama wa Simba ni asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 kwa wanachama. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2025 ya kuweka msimamizi huru wa kuwachunguza wenye klabu. Kwa Bury ilikuwa imechelewa. Mwaka 2022 mashabiki waliununua uwanja kwa msaada wa serikali, na mwaka 2023 timu ilirudi Gigg Lane, ikiwa daraja la tisa.

Sasa niungame. Katika mkutano wetu wa kwanza, tajiri alipoahidi basi jipya, ni mimi niliyeunga mkono hoja. Mimi, niliyeyajua ya Bury, na ambaye kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu, nilipiga makofi bila kuuliza swali hata moja. Simtuhumu mtu yule kwa lolote. Najituhumu mimi, maana wengine waliniamini wakanyosha mikono.

Mwezi ujao nitasimama tena, na naomba msimame nami. Tuulize mambo matatu. Fedha zinatoka wapi, na ni zawadi au ni mkopo utakaolipwa na klabu? Hati ya kiwanja itabaki kwa jina la nani? Na wanachama watabaki na kura ngapi siku mtu huyu atakapochoka? Akijibu kwa maandishi, tumkaribishe kwa ngoma. Akikasirika kwa kuulizwa, basi ametujibu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu wetu wa hesabu, uliyeketi pale mbele, ulitufundisha kuonyesha njia, si jibu peke yake. Tumwombe tajiri naye atuonyeshe njia.