Mashimo ya Dhahabu Nyuma ya Nyumba

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

 

Leo tunaanza na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Fizi, Kivu Kusini. Anasema walikimbia vita, na waliporudi walikuta shamba la baba mkwe wake limechimbwa na watafuta dhahabu. Wachimbaji wamekwisha kuondoka. Yamebaki mashimo, marundo ya kokoto, na udongo mwekundu usioota hata magugu. Mama anauliza: je, ardhi hii imekufa, ama inaweza kurudi?

Mama, inaweza kurudi. Lakini na mimi nikuulize: ukigeuza udongo ule kwa jembe, unaona mdudu yeyote? Mchwa, jongoo, mbawakawa, hata buibui? Nadhani jibu ni hapana. Na hapo ndipo penye tatizo. Udongo usio na wadudu ni kama jiko lisilo na mpishi. Hata ukileta chakula, hakuna wa kukipika.

Nikupeleke kidogo nchini Kenya, pwani ya Mombasa, mahali paitwapo Bamburi. Pale kuna kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa, na mawe ya Bamburi ni matumbawe ya kale. Walichimba miaka na miaka mpaka wakabakiza bonde jeupe la mawe, lenye joto kali, bila udongo. Chini kidogo tu ya mawe kulikuwa na maji ya chumvi.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo mwenye asili ya Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kuliotesha bonde lile. Alijaribu aina 26 za miti. Miti ikafa. Zikabaki aina tatu tu: mnazi, mti mmoja wa upande wa Somalia uitwao damasi, na mvinje. Mvinje ukashinda yote. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti, kwa hiyo unaweza kukua hata pasipo na rutuba.

Basi watu wakafurahi, kivuli kimepatikana. Lakini likazuka jambo jingine. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano, na yana tanini nyingi, ule ukali unaousikia kwenye chai iliyokaa sana motoni. Yalidondoka, yakakauka, yakarundikana. Hayakuoza. Msitu ulikuwa juu, na chini palikuwa na mkeka mkavu. Bila majani kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna mti mwingine utakaoota.

Aliyeokoa kazi ile ni jongoo. Ndiyo, jongoo huyu tunayemfagia nje ya mlango. Pwani kuna jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, na yeye hula majani yale ya mvinje. Walikusanywa mamia, wakaachiwa chini ya miti. Wakala, wakazaana, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na kazi ya bakteria ikawa mboji. Baadaye miti mingine ikapandwa, vipepeo na ndege wakaja, na wanyama wakapata makao. Mwaka 1984 bonde lile lilifunguliwa kwa wageni, na leo linaitwa Haller Park. Labda uliwahi kusikia habari za Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa rafiki yake. Walikaa humo humo.

Sasa mama atasema: wale walikuwa na kiwanda chenye pesa, mimi nina jembe. Ni kweli, na sitaki kukudanganya. Tena milima ya Fizi si pwani ya Mombasa, kwa hiyo usiende kutafuta mvinje. Ninachotaka ukichukue ni mpango wenyewe: kwanza mti mvumilivu, kisha chakula cha wadudu, kisha wadudu, na mazao ya kula yaje mwisho.

Kwa mti mvumilivu, kwetu huku tunayo kaliandra. Nayo huchukua naitrojeni hewani, mbuzi hula majani yake, na nyuki hupenda maua yake. Panda kwenye vishimo vilivyojazwa samadi na majani yaliyooza. Kati ya miche tandaza nyasi kavu na mabua ya mahindi. Halafu nenda kwenye msitu ulio karibu, au chini ya mwembe wa jirani, chukua vikapu viwili vitatu vya udongo wa juu pamoja na majani yake, umwage chini ya nyasi zako. Ndani ya kikapu kile kuna mayai ya wadudu, mbegu, na jongoo wadogo. Usikikaushe juani.

Mchwa wakija kula zile nyasi, usiwafukuze mapema. Wanatoboa udongo uliogandamana, na maji ya mvua yanapata njia. Huko Burkina Faso mkulima Yacouba Sawadogo alifufua ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu kwa vishimo vya samadi vilivyowaita mchwa. Lakini miche michanga iangalie, mchwa hana adabu.

Kuhusu mashimo yenye maji. Shimo la kina kifupi, lenye jua na lisilo na majani, ndilo mbu wa malaria analolipenda. Lijaze. Hilo halina mjadala, na watoto nao huzama humo. Kama kuna bwawa kubwa lisiloweza kujazwa, lizungushie ua, na acha majani ya majini yaote pembeni. Kereng'ende watakuja kutaga, na watoto wao waishio majini hula viluwiluwi vya mbu. Hawatawamaliza mbu wote, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani.

(Muziki mfupi.)

Kuna jambo sitalipita haraka. Kama wachimbaji waliosha dhahabu hapo kwa zebaki, mahali pale pa kuoshea usipande mboga, na usifuge samaki kwenye maji yake. Zebaki haionekani wala hainuki. Ndani ya maji hubadilika, huingia kwa samaki, na huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Jongoo kuonekana pale hakuthibitishi kwamba ni salama. Waulize waliochimba, na wao ni vijana wa hapo hapo, watakuonyesha walikuwa wakioshea wapi. Pale panda miti tu.

Na nyinyi vijana mnaochimba leo, ombi moja. Udongo mweusi wa juu, ule wa kina cha kiganja au viwili, utengeni upande wake kabla ya kufukua. Msiuzike chini ya kokoto. Mkimaliza, rudisheni kokoto kwanza, udongo mweusi juu. Ni kazi ya siku chache, na bila hiyo mwenye shamba atahangaika miaka.

Mama wa Fizi, anza na kipande kidogo, hatua kumi kwa kumi, mbali na palipooshewa dhahabu. Mvua zikishanyesha mwezi mzima, inua nyasi kwa kijiti uangalie chini yake. Kisha tutumie ujumbe mwingine, utuambie umemkuta nani.

(Muziki wa kufunga.)